Mapinduzi Yaliyofutwa Kariobangi

Muthama alifuta mapinduzi ya Haiti kwa kidole kimoja, Jumapili mchana, mbele ya ukumbi uliojaa watu. Hakukusudia kuyafuta. Alikusudia kumkomesha Njogu, na kumfanya mkewe amtazame yeye.

Ukumbi ulikuwa wake. Kilikuwa chumba kirefu cha chini katika nyumba yake ya kupangisha huko Kariobangi, hatua chache kutoka sokoni, chenye mabenchi aliyoyatengeneza mwenyewe. Baba yake alikuwa mchongaji kule Ukambani, na Muthama alirithi mkono wa kazi. Siku za wiki alionyesha filamu za karate. Jumapili, watu wakitoka kanisani, ilikuwa zamu ya kompyuta.

Kompyuta hiyo aliinunua mwaka wa tisini na moja kutoka ofisi moja ya misaada iliyokuwa ikifungwa. Ilikuja na sanduku la disketi, na kati ya disketi hizo mchezo uliofaa ulikuwa mmoja tu. Haukuwa wa kupiga risasi hovyo. Ulikuwa hadithi. Watumwa wa mashamba ya miwa ya Haiti, zamani za Wafaransa, walichoka kuchapwa, wakachoma mashamba, wakapigana miaka mingi mpaka nchi ikawa yao. Jambo hilo lilitokea kweli. Katika mchezo ulikuwa mmoja wa watumwa hao, na kila baada ya picha kadhaa maandishi yalitokea kukuuliza utafanya nini. Ukijibu vibaya, unanyongwa.

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Muthama aliacha shule darasa la tano. Alisoma Biblia ya Kikamba bila taabu, na bei ya kitu chochote aliisoma kwa mbali, lakini Kiingereza kirefu kilimshinda. Ndiyo maana akamwita Njogu.

Njogu alikuwa karani wa kampuni ya malori, mtu wa miaka thelathini hivi, asiye na mke, mwenye sauti ya mhubiri ingawa kanisani hakuonekana sana. Alikaa kwenye kibodi, akasoma kimya, kisha akawageukia watu na kuwasimulia kwa Kiswahili. Hakutafsiri tu. Alilia pale watumwa walipolia, akanguruma pale nyapara aliponguruma.

Siku ya kwanza mashine ilitaka jina la mhusika, mwanamke wa jikoni katika nyumba kubwa ya Mfaransa.

"Tumpe jina gani?" Njogu akauliza.

"Mpe la mwenye chai," alisema Nabiswa, bawabu wa usiku ambaye benchi la mbele lilikuwa kama kitanda chake. "Sisi bila Mama Ndete tungekuwa tushakufa njaa humu."

Watu wakacheka. Mama Ndete alikuwa Wanza, mke wa Muthama, aliyeuza chai na mandazi mlangoni. Alifunika mdomo kwa kanga, lakini alipoulizwa jina lake la kuzaliwa hakukataa kulitaja. Njogu akaandika WANZA kwa herufi kubwa. Muthama naye alicheka, tena kwa sauti kushinda wote.

Hakucheka tena.

Watu walianza kugombana kuhusu majibu. Huyu anataka shamba lichomwe leo, yule anasema ngoja watu wa milimani wafike. Mzee Munene, aliyekaa kizuizini wakati wa Emajensi ya Waingereza, aliona ni upuuzi.

"Mnapiga kelele kama bata," alisema. "Pigeni kura."

"Tupige mlolongo!" Nabiswa akadakia.

Kila mtu alijua mlolongo. Mwaka wa themanini na nane Wakenya walipiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya wagombea, na hakuna aliyesahau mahali ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Kwa hiyo ukumbini waliweka sheria. Wanaotaka ndiyo wapange ukuta wa kushoto, wanaotaka hapana ukuta wa kulia. Nabiswa ndiye msimamizi wa uchaguzi. Angepita akigusa bega moja moja, kisha angeinua mkono na kusema, "Humu ndani, mrefu ni mrefu." Njogu ndipo angebonyeza.

Watu waliupenda mlolongo huo kuliko mchezo wenyewe. Watu wazima, waliokuwa na njaa ya kuhesabiwa sawasawa, walisukumana kama watoto kwenda kusimama ukutani kwa ajili ya miwa ya watu waliokufa zamani. Mzee Munene alimwonyesha kidole nyapara kwenye skrini, akasema, "Huyo namjua. Tulikuwa naye kambini, ila yeye alikuwa upande wa nje wa waya." Watu walicheka, yeye hakucheka.

Hivyo ndivyo Kariobangi walivyopigana vita vya Haiti. Walichoma mashamba. Walipoteza rafiki kwa sababu ya mlolongo mmoja wa haraka, wakanung'unika wiki nzima. Waliwatimua Wahispania, wakawachosha Waingereza. Na kila mara aliyetangulia mbele alikuwa Wanza.

"Wanza anaingia jikoni," Njogu angesema, polepole. "Wanza anatazama huku na huku. Wanza anaficha panga chini ya unga."

Muthama alisimama nyuma karibu na swichi na kusikiliza mwanamume mwingine akilitaja jina la mkewe mara thelathini mchana mmoja. Katika mtaa ule hapakuwa na mwanamume aliyemwita hivyo. Kwa kila mtu alikuwa Mama Ndete. Jina lile lilikuwa la kuitwa na mama yake mzazi na mumewe, basi. Njogu alilitamka kana kwamba analionja.

Na mwenye jina aliacha birika. Hilo ndilo lililomuuma Muthama kuliko yote. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona Wanza akisahau biashara, lakini sasa chai ilipoa huku yeye akiwa amesimama kwa vidole vya miguu, kanga ikimteleza begani, macho kwenye skrini. Panga lilipokaribia kuonekana alishika shavu. Njogu alipomaliza kipande, kikombe cha kwanza kilikuwa chake. Tena si kikombe cha bati cha wateja. Kilikuwa cha udongo, chenye maua, cha kutoka kabatini nyumbani.

"Kwa nini anakunywa kwenye kikombe cha wageni?" Muthama aliuliza siku moja wakifunga.

"Si ni mgeni?"

"Mgeni wa kila wiki?"

"Anasema mpaka koo linakauka, Baba Ndete. Wewe ungetaka kunywea nini?"

"Mimi sijapewa."

Wanza alimtazama kama mtu anayetazama mvua isiyo na wingu. "Wewe huombi. Wewe unasimama pale kwa swichi kama askari jela."

Vijana wa mtaani walianza kumwita Wanza Jenerali. "Niaje, Jenerali!" walimwambia akipita na karai la mandazi, naye akapiga saluti kwa mkono wenye unga. Hata cheko lake lilibadilika, likawa la mtu mwenye mahali pa kwenda. Muthama aliyaona hayo yote, akayapanga kichwani. Alianza kusimama mlolongo wa upande ambao mkewe hakusimama, wowote ule. Nabiswa alilitambua jambo hilo mapema.

"Mwenye nyumba," alimwambia mbele ya watu, "wewe unapigana na Wafaransa au unapigana na bibi yako?"

Ukumbi ulicheka mpaka vumbi likapanda. Njogu pia alicheka. Muthama aliwasamehe wengine wote.

Ukweli ni kwamba hapakuwa na kitu kati ya Njogu na Wanza. Kama kingekuwapo mtaa ungejua kabla yao wenyewe, maana nyumba zile zina kuta nyembamba na watu wana masikio mapana. Wanza alipenda hadithi. Alifika kidato cha pili kabla karo haijaisha, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza angefanya nini kama dunia ingekuwa mikononi mwake. Sasa alikuwa akiulizwa kila Jumapili. Lakini wivu hautaki ushahidi. Wivu ukishapata kiti, unakula chochote ulicholetewa.

Jumapili iliyotangulia ile ya mwisho, Njogu alikatisha mchezo mahali pabaya. Meli za Wafaransa zilikuwa zimeonekana baharini, nyingi, zimekuja kuwarudisha watu utumwani. Wanza wa kwenye skrini alikuwa juu ya kilima, anazihesabu.

"Hapo ndipo tutaendelea wiki ijayo," Njogu alisema, akahifadhi mchezo kwenye disketi ileile moja waliyokuwa wakitumia. Disketi nyingine zilikuwa zimeharibika kwa vumbi.

Watu walipotoka, Muthama alimzuia mlangoni.

"Toa jina la mke wangu humo ndani."

Njogu alidhani ni utani. "Ndani wapi, kaka?"

"Kwa mashine. Weka jina lingine."

"Jina likishaingia halitoki. Ndivyo mchezo ulivyotengenezwa."

"Basi wewe ndiye utakayetoka."

Njogu aliacha kutabasamu. Alimtazama Muthama, akamtazama Wanza aliyekuwa akikusanya vikombe mbali kidogo, na alipoelewa uso wake ukaiva. "Muthama, sijawahi hata kumgusa mkono."

"Sijakuuliza."

"Na nani atawasomea watu?"

"Ukumbi ni wa nani?"

"Wako."

"Basi nitawasomea mimi."

Njogu alivaa koti lake, akaenda. Hakubishana zaidi, na hilo nalo Muthama alilichukulia kuwa ni kiburi.

Jumapili iliyofuata watu walikuja kuliko siku zote. Habari ya meli ilikuwa imezunguka mpaka bondeni Mathare, na wengine walitoka huko kwa miguu. Mabenchi yalijaa, watu wakasimama dirishani. Walipomwona Muthama ameketi mbele ya kibodi amevaa shati jeupe la harusi za watu, walimtafuta Njogu kwa macho.

"Njogu yuko wapi?" Mzee Munene akauliza.

"Ana shughuli."

"Shughuli gani Jumapili?"

"Mzee, umekuja kumwona Njogu au umekuja kuona mchezo?"

Wanza alikuwa mlangoni na birika. Alikuwa ameambiwa asubuhi, wakati wa kuvaa, kwamba Njogu haji, na walikuwa hawajasemezana tangu hapo.

Muthama aliwasha. Aliwahi kuona vidole vya Njogu mara nyingi, lakini kutoka nyuma, na bega la Njogu lilimkinga nusu. Alijua kwamba mwanzoni inakuja orodha fupi ya maneno, na kwamba Njogu hubonyeza mshale wa kushuka, kisha kitufe kikubwa. Hakujua ni mara ngapi. Njogu hubonyeza mara moja. Muthama alibonyeza mara mbili.

Maneno yakatokea, meupe kwenye weusi, mistari miwili, alama ya kuuliza mwishoni na herufi mbili alizozijua vizuri: Y ni ndiyo, N ni hapana. Hapakuwa na picha ya bahari. Nyuma yake ukumbi wote ulikuwa ukipumua.

Mashine ilikuwa inauliza kama kweli anataka kufuta mchezo wote uliohifadhiwa na kuanza upya.

Muthama akawageukia watu, akakohoa, akaanza kusimulia. Na lazima isemwe kwamba hakuwa mbaya. Alikuwa na mikono ya mchongaji, akachonga hewani.

"Meli zimefika," alisema. "Moshi unapanda. Mkubwa wa Wafaransa ametuma barua. Anasema amechoka na vita. Anamwalika... anamwalika huyu mama aje melini wale chakula, waongee amani. Sasa twende au tusiende?"

Hata jina hakulitaja. Watu walilisikia pengo hilo.

"Melini?" Mzee Munene akainuka kabla hajaambiwa. "Mimi hapana. Walioitwa na mzungu kwa chai mwaka wa hamsini na mbili bado tunawasubiri."

"Mimi naona tukubali," Muthama alisema. "Vita vimekuwa virefu."

Alisimama, akaenda ukuta wa kushoto, wa ndiyo. Aligeuka kutazama. Mtu wa kwanza kwenda ukuta wa kulia baada ya Mzee Munene alikuwa Wanza. Aliweka birika chini na kupita katikati ya ukumbi akiwa na aproni yake.

"Siku ile Njogu alituambia," alisema, si kwa ubaya, kwa sauti ya mtu anayewakumbusha wenzake, "kwamba ahadi za hawa watu hazina mizizi. Hapana."

Njogu alituambia. Muthama alisikia maneno hayo tu, mengine yakapita.

Ukumbi ulijipanga. Ukuta wa kulia mstari ulifika mlangoni, ukakunja, ukatoka nje hadi kwa muuza viatu. Ukuta wa kushoto alikuwako Muthama, mlevi mmoja aliyeegemea tu, mpangaji anayemwogopa, na watu wawili waliokosa nafasi upande wa pili. Nabiswa alianza kugusa mabega, akaacha.

"Hata kipofu ataona," alisema akiinua mkono. "Humu ndani, mrefu ni..."

"Subiri," Muthama akasema. Alikuwa amerudi kwenye kibodi. "Ninatangaza mimi."

"Unatangaza nini?"

"Ndiyo imeshinda."

Kwanza watu walidhani ni mzaha, wakapiga makofi. Kisha wakaona uso wake.

"Baba Ndete." Wanza alikuwa ametoka kwenye mstari, amesogea mpaka karibu na skrini, midomo ikitembea taratibu. "Hapa hapana barua. Hapa pameandikwa kufuta. Wanauliza tufute..."

"Umeanza kunisomea?"

"Soma mwenyewe, basi. Neno hili hapa. Kufuta."

"Amekufundisha vizuri," Muthama alisema. "Rudi kwa mstari wako."

Mtu fulani nyuma akacheka kwa pua. Muthama akabonyeza Y.

Skrini ikawa nyeusi. Halafu ukaja muziki, ule wa siku ya kwanza kabisa, wengi walikuwa wameshausahau. Picha ikafunguka. Shamba la miwa lilikuwa limesimama, bichi, refu, kana kwamba hakuna aliyewahi kuliwasha moto. Nyumba kubwa ilikuwa na madirisha yake yote. Nyapara alikuwa hai, kiboko mkononi. Chini palikuwa na kisanduku kitupu cha kuandika jina.

Mistari yote miwili ikanyosha shingo.

"Ni nini hiki?" mlevi akauliza.

"Tumerudi utumwani," alisema Mzee Munene. Alichukua kofia yake kwenye benchi. "Themanini na nane waliniibia kura, lakini angalau walikuwa wanafaidika." Akatoka, na mstari mrefu ukamfuata vilevile ulivyokuwa umepangwa, mmoja baada ya mwingine.

Nabiswa alikimbia kumwita Njogu. Njogu alikuja, lakini hakuvuka kizingiti. Alisimama mlangoni akaitazama skrini.

"Ilikuwa disketi moja," alisema.

"Anza upya, ndugu yangu," Nabiswa alimwomba. "Watu watarudi. Majibu tunayajua."

"Ndiyo shida. Mkishajua majibu huo si uasi tena, ni mtihani." Kisha akamwambia Wanza, kwa heshima, macho chini, "Pole, Mama Ndete." Akaondoka.

Wanza alikuwa bado amesimama mbele ya kile kisanduku kitupu.

"Tulikuwa tumefika kilimani," alisema.

"Ni mchezo tu," Muthama akajibu.

"Kama ni mchezo tu, ulikuwa unamfukuzia nini mtu wa watu?"

Alifikiri labda Jumapili ijayo angepata la kumjibu. Jumapili iliyofuata aliandika MUTHAMA kwenye kile kisanduku, akakaa kuwasimulia wachache waliokuja. Mhusika wake alinyongwa kabla chai haijachemka, kwa sababu alimjibu nyapara bila kujua ameulizwa nini. Wanza hakuwapo kuona.

Hesabu ni hii. Ukumbi uliokuwa ukimwaga watu barabarani ulibaki na sita, na hao walitaka karate. Njogu alihamia mtaa wa Kware kabla ya Krismasi, bila kuaga. Mzee Munene alienda kukaa kwa binti yake Murang'a bila kujua kama Haiti ilipata uhuru, mpaka Nabiswa alipomtumia habari kwa dereva wa lori. Mabenchi saba yalinunuliwa na kanisa. Kompyuta ilikufa kwa unyevu. Wanza alipeleka birika lake kwa mafundi wa jua kali, wale wanaofua mabati kandokando ya barabara, akauza huko, na walimwita Mama Ndete. Jioni alirudi nyumbani, akapika, akalala kitanda kilekile. Akiulizwa neno alijibu neno. Vijana waliacha kumwita Jenerali, na lile cheko lake Muthama hakulisikia tena ndani ya nyumba.